Golikipa Ambaye Hakurithiwa

Mimi gemu za simu sizipendi, na Mungu akaniozesha kwa mtu anayezipenda. Mume wangu Yasser ana duka la makava ya simu na chaja pale Kashaulili, mjini Mpanda, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia yeye ni mwamuzi. Kuna ligi ya mpira ya mtandaoni, vijana wa Mpanda, Sumbawanga na Tabora, kila mmoja kwa simu yake anaongoza mchezaji mmoja uwanjani. Hata golikipa anaongozwa na mtu. Msimu ukiisha, Yasser huangalia marudio ya mechi na kumtangaza golikipa bora. Mtu mzima na ndevu zake! Nilikuwa namcheka sana.

Golikipa aliyempenda ni Lyamba, kijana wa Kisukuma kutoka Kasansa, aliyepanga chumba jirani yetu huku Kawajense. Jioni alikuwa anakuja barazani kwetu na kula viazi vyangu bila kukaribishwa. Kabla ya kila penalti, mchezaji wake aligusa nguzo ya kushoto mara mbili.

"Shemeji, ile ni kuomba nguzo ruhusa ya kudaka," aliniambia huku anatafuna. Kisha akamgeukia Yasser. "Na wewe kaka, mwaka huu usiponipa mimi, tunakosana."

Msimu ukiwa katikati, malaria ikampanda kichwani. Tukamzika kwao Kasansa. Yasser alilia mpaka nikaona aibu kwa niaba yake, halafu nikalia kumzidi.

Ligi ikaendelea, na jina la Lyamba likaendelea kuonekana golini. Wenzake wa timu walidhani mdogo wake ndiye anayecheza kwa simu ya marehemu. Timu ilikuwa inashinda, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Alasiri moja nikapeleka chakula dukani. Yasser alikuwa anaangalia marudio ili aamue. Hakunisalimia.

"Zena, njoo uone," akasema kwa sauti ya chini.

Ilikuwa penalti. Golikipa akasogea kushoto. Akagusa nguzo. Akagusa tena. Kisha akaruka, akaudaka mpira.

"Sasa sikiliza."

Akaongeza sauti. Kwenye maiki ya golikipa palikuwa na mlio mdogo, kama udongo unaomwagika taratibu juu ya mbao. Mtu alikuwa anapumua. Kwa shida.

Halafu akanong'ona.

"Kaka Yasser. Nimechoka. Nikitoka, nani anakaa golini?"

Sahani ikaniponyoka. Yasser akarudisha marudio nyuma. Ile sauti haikuwepo. Akarudisha tena. Kimya.

Asubuhi tukaenda Kasansa. Mama yake Lyamba, Mama Kabula, alitupokea vizuri. Tulipomuuliza nani anacheza kwa simu ya marehemu, alitushangaa.

"Simu ipo kwenye sanduku, baba. Haijaguswa wala kuchajiwa tangu tuzike."

Akaitoa, imeviringishwa kwenye kitenge. Nilikuwa wa kwanza kuishika, na laiti nisingeishika. Ilikuwa ya moto. Kwenye kioo palikuwa na alama za vidole gumba viwili, za udongo mwekundu, bado mbichi.

Mama Kabula hakupiga kelele. Aliufuta ule udongo kwa pindo la kitenge, polepole, jinsi unavyomfuta mtoto kamasi.

"Alikuwa anafanyia kazi gani humu?"

"Alikuwa golikipa, mama," Yasser akajibu.

"Mbona nyie hamkutuambia?"

Ndipo akatueleza. Siku ya kumaliza msiba, wazee wa ukoo walikaa na kugawa kazi za marehemu. Fimbo ya kuchungia ng'ombe ilipewa mdogo wake. Jembe la kukokotwa lilipewa mjomba. Kila aliyepewa alisema mbele ya watu, "Nimepokea," ili marehemu asikie, aache, apumzike. Golini hawakumweka mtu, kwa sababu hakuna mzee aliyejua kama kuna goli.

"Mwanangu bado yuko kazini," akasema.

Yasser akamsogelea. "Mama, mimi ndiye ninayechagua golikipa bora. Bora ni yeye. Hakuna hata anayemkaribia. Na nilimuahidi moyoni."

"Ukimtaja yeye, baba, atakaa."



Matokeo yalitangazwa siku iliyofuata, watu wote wakiwa hewani. Jina la Lyamba lilikuwepo, taa ya kijani ya aliye hewani inawaka pembeni yake. Yasser alikuwa ameshampigia Apollinarie, golikipa wa Sumbawanga, na kumwomba aseme neno moja tu akitajwa.

"Golikipa bora wa msimu," Yasser akasema. Nikamshika bega. "Golikipa bora ni Apollinarie."

"Nimepokea," Apollinarie akasema.

Vijana wakaanza kutukana. Mwamuzi kahongwa! Mwamuzi kipofu! Katikati ya zile kelele tukaisikia ile sauti, karibu kabisa.

"Haya, kaka."

Taa ya kijani ikazimika.

Hakulalamika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angegomba kidogo, kama zamani, labda ningepata nafuu.

Jioni ile Yasser alikaa barazani, kichwa mikononi. Nikamwekea viazi, nikaingia ndani kutafuta chumvi. Niliporudi sahani ilikuwa tupu.

"Afadhali umekula," nikamwambia.

"Viazi gani?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Nikaiinua sahani. Ukingoni palikuwa na alama ya kidole gumba, ya udongo mwekundu. Nimeiweka kabatini, sijaiosha.