Soketi Nyekundu

Kila Jumamosi mama akiwa na zamu ya mchana, mimi huenda naye kazini, maana nyumbani habaki mtu. Yeye huangalia skrini zake sita, nami hufanya hesabu za shule kwenye meza ya pembeni. Mama ni mwendesha mtambo katika maabara ya fizikia. Nyuma ya ukuta mnene wa zege, mtambo hurusha viini vya atomi kwa kasi ya ajabu mpaka vigonge bamba jembamba na kuvunjika. Katika vipande hivyo, sumaku kubwa huchagua aina moja adimu sana. Kipande hicho huishi kufumba na kufumbua tu, kisha kwisha habari yake. Kikipita kwenye kigunduzi, nukta ya kijani huwaka kwenye skrini.

"Tangu asubuhi vimekuja vitano," mama aliniambia Jumamosi ile. "Na leo ndiyo siku yetu ya mwisho. Kesho mtambo unakwenda kwa kundi lingine."

Saa kumi jioni, skrini ilijaa nukta. Kumi, ishirini, arobaini! Mama aliruka kitini. Baada ya dakika ishirini hivi zikakoma zenyewe.

Mkuu wa utafiti aliingia mbio. Tulimwita Mzee Miwani, kwa kuwa huvaa moja machoni na nyingine huning'inia shingoni.

"Umegusa nini?" alifoka.

"Sijagusa kitu, mkuu. Daftari la zamu hili hapa." Pale kwao, ukigusa chochote, hata swichi ya taa, unaandika saa na jina lako.

"Daftari halijiandiki! Sasa nukta zipi za kweli na zipi za uongo, nani ajue? Itabidi tufute hesabu ya siku nzima. Na wewe, kuanzia kesho hukai tena kwenye kiti hicho!"

Jamani! Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Miaka tisa mama anafanya kazi ile, na hajawahi kuruka hata mstari mmoja wa daftari. Leo anafokewa kama mtoto mtundu, tena mbele ya watu!

"Mama yangu si mwongo!" nilisema kwa sauti.

"Keti, mwanangu," mama alisema. Sauti yake ilitetemeka, na hilo likaniudhi zaidi.

Nikaanza kusukumiza vitu vyangu mkobani kwa hasira. Nilipoishika chaja ya simu, ilikuwa bado ya moto. Nikatazama ukutani. Loo! Nilikuwa nimeichomeka kwenye soketi nyekundu, ile ya vifaa vya kigunduzi peke yake. Mama alikuwa amenikataza mara mia, maana kifaa kingine kikichomekwa hapo huvuruga umeme wa kigunduzi. Lakini soketi nyeupe ilikuwa mbali, na mimi nilitaka kucheza mchezo wangu. Simu ilipojaa, nikachomoa kimya kimya.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimemkasirikia Mzee Miwani kwa kumwonea mama, kumbe aliyemponza ni mimi.

"Ni mimi," nilisema. "Nilichaji simu hapo."

Dada wa kompyuta, aliyekuwa ameketi nyuma ya mama zamu nzima, akasema, "Hebu chomeka tena." Nikachomeka, nukta zikamiminika. Nikachomoa, zikakoma.

"Basi tunajua dakika zenyewe," dada alisema. "Tunafuta hizo tu. Vile vitano vya asubuhi ni halali."

Mama alinitazama bila tabasamu. "Usidhani nimefurahi. Nimekukasirikia sana. Lakini sikiliza: vile viini vimeshakufa vyote, hatuwezi kuviita vije kutoa ushahidi. Tumebaki na ukweli wa watu waliokuwa humu. Mmoja akificha, kazi ya wote inakuwa bure. Njoo uandike."

Niliandika saa, chaja, na jina langu. Mzee Miwani alikohoa.

"Haya, tuendelee na kazi," alisema, akigeukia mlango.

"Bado, mkuu," mama alisema, akamnyooshea kalamu. "Humu kila kosa linaandikwa. Na lako pia."

Mzee alisimama. Kisha akavaa miwani yake ya pili, akainama, akaandika: "Saa kumi na moja kasoro robo. Nimemlaumu mwendesha mtambo bila ushahidi. Namwomba radhi." Akatia sahihi.

Mama alisoma mstari ule mara mbili, kisha akarudi kwenye kiti chake.