Mwanafunzi Asiye na Mtihani

Kila asubuhi mama mdogo alikunywa chai akiwa amesimama, akatia wavu na ndoo ndogo kwenye mkoba, akaaga: "Naenda chuo." Na kila asubuhi mtoto wa dada yake, ambaye nyumbani walimwita Mpelelezi kwa kuchungulia yasiyomhusu, alimtazama kwa jicho la pembeni.

Mwanafunzi gani huyu? Mwaka wa tatu sasa, hana ratiba wala mtihani hata mmoja, na viatu vyake hurudi vimejaa tope. Mpelelezi aliogopa kwamba mama mdogo amefukuzwa chuo na anamdanganya mama, ambaye kwake hapiti mgeni bila kuambiwa kuwa mdogo wake anasomea shahada ya uzamivu.

"Mama, una hakika anasoma kweli?"

"Wewe nawe! Hebu kaoshe vyombo."

Shule zilipofungwa, mama mdogo akamwambia, "Twende ukaone mwenyewe. Jicho lako limenichosha."

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye matangi sita ya konokono. Mama mdogo alipokwenda kuchota maji, Mpelelezi akafungua daftari lililokuwa mezani. Loo! Tangi la nne, waliouawa na dawa: 19. Namba ilikuwa imekatwa kwa mstari. Kumbe anapika majibu!

Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mwenye miwani, profesa anayemsimamia mama mdogo.

"Shikamoo," Mpelelezi akaropoka. "Mama mdogo anabadilisha namba!"

Mama mdogo alikuwa amerudi, ndoo mkononi. Uso ulimshuka. Profesa akasoma ukurasa ule polepole.

"Ilikuwaje?"

"Nilisahau kubadilisha maji, Profesa. Sijui kama waliuawa na dawa yangu ya majani au na uchafu. Nilikuwa nimeshaandika kumi na tisa. Nikakata, nikatia sahihi."

"Basi tangi hilo halifai. Utarudia."

"Wiki sita zote za jaribio?"

"Zote."

Mama mdogo akaweka ndoo chini. "Sawa, Profesa."

Mpelelezi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mama mdogo angeweza kuiacha namba ile na kunyamaza tu, na hakuna ambaye angejua.

Profesa akamgeukia. "Mama yako mdogo anatafuta majani ya kuua konokono wanaoeneza kichocho. Jibu hilo halimo katika kitabu chochote, kwa hiyo hakuna wa kumfundisha darasani. Akilipata, ataandika tasnifu, kisha watahini watamkalisha wamhoji hadi jasho limtoke. Huo ndio mtihani wake. Humu hatufuti kosa. Tunalikata kwa mstari mmoja ili kila mtu aweze kulisoma. Ukiona daftari safi kupita kiasi, hilo ndilo la kutiliwa shaka."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Miaka mitatu unanishuku," mama mdogo akasema, "hukuniuliza hata siku moja nasoma nini."

"Kushuku ndiyo kazi yetu humu, mwanangu," profesa akasema. "Lakini tunaanza na kazi zetu wenyewe. Za wenzetu, tunauliza kwanza."