Kimya cha Mama Noel

Domitila alikuwa akianika dagaa ufukweni Kibirizi, kando ya ziwa, mtoto wake Noel mgongoni. Wenzake walipiga soga. Yeye alinyamaza. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, na aliogopa kwamba akifungua mdomo atatambuliwa, apelekwe kambini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Kirundi alikifungia moyoni, pamoja na mama yake aliyebaki ng'ambo. Hivyo hakumsemesha hata mtoto wake.

Noel alitimiza miezi kumi. Hakutoa hata "ba-ba".

Siku moja Domitila alimwendea jirani yake, Bi Yusra, nesi wa kliniki ya watoto.

"Shikamoo, Bi Yusra."

"Marahaba, mama Noel. Mbona machozi?"

"Mwanangu ni bubu?"

Bi Yusra akagonga sufuria nyuma ya Noel. Mtoto akageuka upesi.

"Masikio anayo! Asingegeuka, tungempeleka hospitali. Wewe humsemesha?"

"Mtoto mchanga ataelewa nini?"

"Eti nini! Kichwani mwake mna seli nyingi mno za ubongo. Kila moja hunyoosha nyuzi nyembamba kutafuta nyingine. Ukimwita, ukimwimbia, ukimjibu anapoguna, nyuzi hizo hushikana. Ukirudia kila siku, huimarika. Zisipotumika, huachana. Ni kama njia ya kisimani: isipokanyagwa, majani huifunika."

"Kiswahili changu kibovu, mama."

"Nani kataja Kiswahili? Mama yako alikubembeleza kwa lugha gani?"

Domitila alimpakata Noel. Kisha sauti ikamtoka, ikitetemeka: "Hora, mwana wanje, hora." Nyamaza, mwanangu, nyamaza.

Noel akamkodolea macho, asipepese.

"Haya! Umemwona?" alisema Bi Yusra.

Tangu siku ile Domitila alimsemesha mwanawe akimwogesha, akimlisha. Alimsimulia habari za migomba ya kwao, na za bibi yake. Noel akiguna, mama alingoja, kisha akamjibu.

Wiki zikapita. Asubuhi moja, pale mchangani, Noel akapayuka, "Ba-ba-ba!"

"Huyu dalali kabisa!" alicheka Mwinshehe, mnunuzi wa dagaa.

Domitila akamjibu mwanawe kwa Kirundi, kwa sauti. Alisahau kuogopa.

Marcelina, muuza mihogo, akatua beseni lake. Siku zote mama huyu naye hakuwa na maneno. Wateja aliwaonyesha bei kwa vidole. Akasogea, akauliza polepole, kwa Kirundi:

"Umwana wawe yitwa nde?" Mwanao anaitwa nani?

 Domitila alimshika mkono, akamwomba aulize tena, asikie tena lugha ya mama yake.