Noreen na Karani wa Kamati

Mashine ya kujiandikisha ilimkataa Noreen Pulaski mara ya nne, na mara ya nne Noreen aliipiga kwa kiganja.

"Hiyo haina masikio, dada," sauti ilisema nyuma yake. "Ukiipiga inazidi kununa."

Aligeuka. Ukumbi wa bunge la jimbo mjini Olympia ulikuwa umefurika asubuhi ile: wanafunzi waliovaa fulana za sare, wakulima wa tufaha, mawakili wenye viatu vinavyong'aa, wote wakidondosha maji ya mvua sakafuni. Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye mvi changa kwenye masharubu. Alivaa koti la kijivu na tai ya rangi ya haradali iliyokwenda upande kama mlevi.

"Basi isemeshe wewe," Noreen alisema. "Nimetoka Tacoma alfajiri nije kuutetea muswada wa nyumba, na kidude hiki kinaniuliza jina la kampuni yangu. Kampuni gani? Mimi nafua mashuka ya hospitali!"

"Andika 'mwenyewe'."

Akaandika. Mashine ikakubali papo hapo, na hilo likamuudhi zaidi.

Muswada wenyewe ulikuwa mfupi. Mtu aliyewahi kutimuliwa na mwenye nyumba, faili lake la mahakamani lifungwe baada ya miaka mitatu, lisitumiwe tena kumnyima pa kuishi. Noreen hakuhitaji kuelezwa maana yake. Miaka sita iliyopita alivunjika mguu, akakaa miezi miwili bila kazi, akatimuliwa. Alilala ndani ya gari miezi kumi na mmoja. Hata baada ya kupata kazi tena, kila mwenye nyumba alilisoma faili lile kisha akatabasamu na kusema chumba kimeshachukuliwa. Sasa aliishi kwenye gereji ya binamu yake, ubavuni mwa mashine ya kukatia nyasi.

Hayo ndiyo aliyokuja kuyasema. Alipewa dakika moja mbele ya kamati. Alikuwa ndio kwanza amefika kwenye mguu uliovunjika, kengele ikalia, na aliyeibonyeza alikuwa yule yule mwenye tai ya haradali, ameketi kando ya mwenyekiti.

"Asante, muda umekwisha," alisema kwa upole uliomfanya Noreen atamani kumrushia kiatu.

Saa sita mchana mwanamume huyo alimfuata Noreen kwenye ngazi, ameshika vikombe viwili vya kahawa.

"Wendell Hirano. Karani wa kamati. Nimekuja kutukanwa."

"Umenikata mdomo mbele ya watu, halafu unaniletea kahawa?"

"Ina maziwa."

Noreen alitaka kukasirika, akacheka. Akakasirika kwa sababu amecheka.

Ndivyo walivyoanza. Kila Jumanne, siku yake ya mapumziko, Noreen alipanda basi kwenda Olympia kuwasumbua maseneta, na kila Jumanne Wendell alikula naye supu ya chaza karibu na bandari. Wendell alimwita "Mheshimiwa". Noreen alimwita "Bwana Dakika".

"Lakini wewe binafsi, mpenzi," Noreen alimuuliza siku moja, "muswada huu unautaka au huutaki?"

"Karani hana upande."

"Sijamuuliza karani. Nimemuuliza huyu anayekula mkate wangu."

Wendell alitazama bakuli lake. "Miaka tisa sijaulizwa hivyo. Nimesahau namna ya kujibu."

Noreen alishusha pumzi. Kumpenda mtu huyu kulikuwa kama kusukuma gari lililofungwa breki. Na bado alimpenda, masharubu yale, mikono ile ya taratibu, namna alivyolikumbuka jina la kila mtu aliyewahi kumbonyezea kengele.

Mwezi Februari muswada ulipangiwa siku ya kupigiwa kura kamatini. Jioni ya kuamkia siku hiyo Noreen alimpigia simu, sauti inamtetemeka kwa furaha.

"Nimepata basi zima! Watu arobaini na mmoja! Hata Opal anakuja, yule bibi wa miaka sabini na nne anayelala kwenye gari la mizigo. Amejitengeneza nywele, Wendell!"

"Vaa koti la mvua," Wendell alisema. "Kesho itanyesha sana."

"Ndiyo hayo tu?"

"Na... nakupenda."

Kesho yake ilinyesha kweli. Watu arobaini na mmoja walishuka kwenye basi, wengine wamekosa ujira wa siku, wengine wamebeba watoto. Opal alitangulia akisukuma kigari chake cha kutembelea, nywele zimefunikwa mfuko wa plastiki. Mlangoni palibandikwa karatasi: muswada umeondolewa kwenye ratiba.

Noreen aliisoma mara mbili. Kisha akamwona Wendell kwenye korido, amekumbatia mafaili.

"Ulijua?"

"Noreen..."

"Nauliza, ulijua?"

"Tangu jana saa kumi na moja. Mpaka mwenyekiti atangaze, mimi siruhusiwi..."

"Nilikupigia saa kumi na mbili! Ukaniambia nivae koti!"

"Ilikuwa siri ya ofisi."

"Ungesema tu 'usije'. Neno moja. Nisingeuliza kwa nini." Sauti yake ilishuka, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Na mwenyekiti ulimsihi, walau?"

Wendell angeweza kudanganya. "Hapana. Aliniambia, nikaandika, nikaenda nyumbani."

Opal alimshika Noreen mkono. "Twende, mwanangu. Huyu ni samani ya ofisi."

Simu zilianza siku ile ile. Noreen hakupokea. Ujumbe ulikuja: *Nisamehe.* Alijibu: *Wasilisha kwa kamati.* Ukaja mwingine: *Siwezi kula.* Alijibu: *Opal naye hajala.* Baadaye akajilaumu, kisha akajilaumu kwa kujilaumu. Aliyakunja mashuka ya hospitali kwa hasira hata msimamizi wake akamwambia hayana kosa.

Wiki tatu zikapita. Kelele za watu zilimchosha mwenyekiti, akaurudisha muswada siku ya mwisho ya kamati. Safari hii Noreen alikuja na watu kumi na wawili tu. Wengine walikuwa wamechoka kuchezewa. Alikaa nyuma na Opal. Pale kwenye kiti cha karani alikuwepo msichana asiyemfahamu.

"Anayefuata," msichana alisoma, "Wendell Hirano. Mwenyewe."

Alitoka kwenye foleni ya wananchi, hana koti wala tai, sweta imeloa mabegani.

"Mpaka Ijumaa nilikuwa karani wenu," alisema. "Karani hana upande, kwa hiyo nimeacha kazi. Miaka tisa nimewakatiza watu hapa. Nilikuwa nawasikia wakimalizia maneno yao koridoni, wanaongea na ukuta. Mwezi uliopita mliondoa muswada huu, nami nikanyamaza, na bibi wa miaka sabini na nne akasafiri kwenye mvua kuja kusoma karatasi mlangoni. Mama Opal, nakuomba radhi mbele ya hawa. Waheshimiwa, upitisheni. Watu hawa wameshalipa kosa lao, na wengi kosa lao lilikuwa kuugua..."

Kengele ililia. Hakulitaja jina la Noreen hata mara moja.

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Muswada ulipita.

Noreen alimkuta nje, chini ya miti ya micheri isiyo na maua bado. "Umeacha kazi? Na bima ya afya? Kwa ajili ya dakika moja? Mjinga wewe!"

"Ndiyo."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Uliniuliza nautaka au siutaki. Nilichelewa kujibu."

Noreen alimpiga kifuani kwa mkoba, kisha akaegemeza kichwa pale pale alipompiga. Opal aligeukia upande mwingine, akisema kwa sauti kubwa kwamba basi halisubiri wapenzi.

Aprili muswada ukawa sheria, ya kuanza kutumika Julai. Wiki hiyo hiyo walikwenda kuomba nyumba mjini Tacoma, vyumba viwili juu ya duka la maua. Mwenye nyumba alikuwa mama mwenye miwani ya mnyororo, mkarimu wa maneno. Aliisoma fomu, akakifikia kisanduku cha kuuliza kama amewahi kutimuliwa, ambacho Noreen alikuwa amejaza *ndiyo*.

"Aa, pole, mpenzi. Kuna sheria mpya ya mambo haya, lakini bado haijaanza."

"Najua, mama," Noreen alisema. "Ni mimi niliyeipigania."

"Hongera! Basi njooni Julai."

Ngazini Noreen alikaa chini akafunika uso. Wendell alifikiri analia, kumbe anacheka, au yote mawili.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita, halafu *njooni Julai*!"

Wendell alikaa kando yake. "Noreen, tuoane."

"Sasa hivi? Hapa ngazini?"

"Sasa hivi. Hatuna nyumba, sina kazi, na wewe una hasira. Nikisubiri mambo yatulie, nitazeeka."

Noreen aliipangusa pua kwa mkono, macho mekundu.

"Nakubali," alisema. "Lakini kwanza twende tukaombe jengo lile la jirani. Nyanyuka, Wendell, wanafunga saa kumi na moja."