Nyama Si Zege

Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamelisahau. Mtaa mzima ulimwita Hatulii, na mtaa haukukosea. Alikuwa fundi mwashi. Kutwa alikuwa juu ya jukwaa, akipanga matofali na kupiga lipu. Akishuka, mikono yake iliendelea kutafuta kazi. Akiketi, mguu wake ulicheza. Chai aliinywa huku akizunguka na kikombe. Mke wake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alizoea kumwambia, "Ungekuwa kitambaa, ningekutia pini ukae mahali pamoja."

Kulikuwa na wakati mmoja tu ambapo Hatulii alitulia kitini. Ni jioni, kwenye kibanda cha baga karibu na shule ya binti yake.

Binti huyo walimwita Kasuku. Alipokuwa mdogo, aliongea mpaka wageni wakaaga mapema. Sasa alikuwa msichana wa sekondari, na maneno yalikuwa yamemkauka. Nyumbani alijibu "ndiyo", "hapana" na "sijui", kisha akajifungia chumbani. Lakini kibandani, akiishika baga kwa mikono miwili, alikuwa Kasuku yuleyule wa zamani. Alimsimulia baba yake habari za mwalimu wa hesabu, ambaye chafya zake zilikuwa kama pikipiki iliyogoma kuwaka. Alimweleza nani kanuna na nani kapatana na nani. Hatulii alisikiliza huku anakula. Baga ikiisha, aliagiza nyingine ili mazungumzo yasikatike.

Na baga zenyewe hazikuwa mchezo. Nyama mbili zinazochuruzika mafuta. Jibini juu ya jibini. Mayonesi mpaka kwenye kiwiko. Chipsi pembeni, na soda ya kuteremshia.

Siku moja kazini, Hatulii alipanda ngazi akiwa na ndoo ya mchanga. Alipofika katikati, pumzi zilimwisha. Alishikilia ubao, jasho likimtiririka, mafundi wenzake wakimtazama. Kesho yake alikwenda zahanati.

"Uzito umezidi," daktari alisema. "Na sukari kwenye damu imeanza kupanda. Bado hujafika kwenye ugonjwa, lakini njia unayoiendea ni hiyo. Badilisha chakula."

Mke wake aliposikia hivyo, hakuzunguka mbuyu.

"Baga mwisho," alisema. "Wewe na mwanao, wote. Mtakula nyumbani kama watu wengine."

Hatulii hakubisha. Alitoka uani, akahamisha ndoo kutoka upande huu kwenda upande ule, kisha akairudisha. Hakuogopa kukosa nyama. Aliogopa kumkosa mwanawe. Bila kile kibanda, ataongea naye wapi?

Jioni iliyofuata alikwenda kibandani hivyohivyo. Alimwagizia Kasuku baga, yeye akaagiza maji. Akawa anamtazama binti anavyokula. Mguu wake ulicheza mpaka meza ikatetemeka na maji yakamwagika.

Kasuku aliweka baga chini.

"Baba, usije tena," alisema. "Mimi nitarudi na wenzangu."

Hatulii alitaka kuuliza kwa nini, akaishia kupangusa maji yaliyomwagika mezani. Tangu siku hiyo, Kasuku alipita moja kwa moja hadi chumbani kwake. Nyumba ikawa kimya. Baba wa watu akawa anakagua kuta zisizo na ufa.

Jumamosi mchana, mke wake alikwenda kupeleka nguo za mteja. Hatulii alibaki akizunguka sebuleni. Ghafla akasimama. Kwani baga ni kitu gani? Ni nyama na mkate. Mtu anayejenga nyumba nzima atashindwa na baga?

Alinunua nyama ya kusaga, akaimwaga nusu kwenye beseni. Akaongeza makombo ya mkate, mengi, ili ishikane. Kisha akaikanda. Aliikanda kama anavyochanganya mchanga na saruji, kwa nguvu zote, mpaka ikawa laini na nzito. Akaigawa madonge, kila donge akalipigapiga ubavuni likae sawa. Akajaza mafuta kwenye kikaango. Nyama ilipoanza kulia, alichukua mwiko akaikandamiza. Akaigeuza, akaikandamiza tena. Hakuweza kuiacha. Maji ya nyama yalitoka yote, na moshi ukajaa jikoni.

Kasuku alitoka chumbani akikohoa. Aliokota donge moja, akaligonga kwenye sahani. Ko! Ko!

"Baba, hili la kula au la kujengea?"

Kwa muda mfupi sana alicheka. Hatulii naye akacheka. Lakini binti aligeuka kurudi chumbani.

"Hodi! Kuna salama humo?" sauti iliita mlangoni.

Alikuwa jirani yao, rafiki wa mke wake. Alikuwa afisa lishe, yaani mtaalamu wa chakula na afya, na kwa hiyo watu walimwita Bi Lishe. Aliingia akipunga moshi kwa upande wa khanga.

"Shemeji, unapika au unachoma tofali?"

"Nimejaribu baga, shemeji," Hatulii alisema kwa aibu. "Daktari kanikataza ya kibandani. Nilitaka ya nyumbani, isiyo na madhara."

Bi Lishe alilitazama lile donge, akalivunja kwa shida.

"Wazo lako ni zuri. Mikono yako ndiyo iliyokuponza. Nyama si zege. Ukiikanda sana, inakaza. Ukiikandamiza motoni, utamu wake wote unakimbia. Nyama imebaki?"

"Imebaki."

"Basi tuanze upya. Kasuku, usikimbie! Njoo ukune kitunguu na karoti. Wote nawaneni mikono kwanza."

Kasuku alisita, kisha akaja.

Bi Lishe aliiangalia nyama. "Umebahatika, haina mafuta mengi. Ukienda buchani, omba steki, waondoe mafuta ndipo waisage. Mafuta yana kalori nyingi. Kalori ni nguvu tunayopata kwenye chakula. Ikizidi ile unayotumia, mwili unaiweka akiba. Akiba yako hiyo hapo juu ya mkanda."

Kasuku aliinamia karoti ili asionekane anacheka.

"Kwa hiyo nile kidogo nilale njaa?" Hatulii aliuliza.

"Hapana. Ukilala njaa, kesho utavamia kibanda. Ule protini. Inajenga mwili, na inakushibisha muda mrefu. Iko kwenye nyama, mayai, maharage na maziwa. Una maharage ya kuchemsha?"

Yalikuwepo ya jana. Bi Lishe aliyachuja maji, akayaponda, akayatia kwenye nyama badala ya makombo ya mkate. Alimwagiza Kasuku akikamue kitunguu maji yatoke, akitie humo pamoja na karoti. Akavunja yai la kushikanisha. Akatia kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi kidogo tu.

"Sasa changanya, shemeji. Kwa ncha za vidole. Vikishakutana, acha."

Hatulii alichanganya. Alitaka kuendelea.

"Acha!"

Aliacha, mikono ikimwasha. Walitengeneza maduara membamba. Katikati ya kila moja Kasuku alibonyeza kwa dole gumba, lisivimbe likiiva. Bi Lishe alikipaka kikaango mafuta kidogo, akaweka moto wa wastani.

"Usiguse mpaka upande wa chini uive na kuachia wenyewe," alisema. "Halafu unageuza. Nyama ya kusaga lazima iive mpaka ndani. Ukiipasua, isiwe na wekundu katikati. Na sahani iliyobeba nyama mbichi isibebe iliyoiva. Mimi naenda kuchukua mtindi kwangu."

Wakabaki baba na binti. Hatulii alisimama mbele ya kikaango, mwiko mkononi. Mkono ulinyanyuka. Akaurudisha nyuma ya mgongo.

"Kaa chini, baba," Kasuku alisema.

Alikaa. Nyama ilikuwa ikilia taratibu.

"Baba, ulikasirika nilipokwambia usije?"

"Sikukasirika. Niliumia."

Kasuku alichezea maganda ya karoti. "Nilimsikia mama akisema utaugua sukari kwa sababu ya baga. Wewe ulikuwa unakwenda pale kwa sababu yangu. Nikaona ninakuua mimi."

Hatulii alimtazama. Kumbe huku yeye anamtafuta mwanawe, mwanawe alikuwa anamkimbia kwa kumwonea huruma.

"Mwanangu," alisema, "baga ya pili niliagiza mwenyewe. Nilikuwa sitaki unyamaze."

"Ungeniambia tu. Ningeongea bila baga."

"Kweli?"

"Labda." Kasuku alitabasamu. "Lakini mazungumzo yenye baga ni matamu zaidi."

Bi Lishe alirudi na mtindi aliouchuja kwenye kitambaa safi mpaka ukawa mzito. Wakaukamulia ndimu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mayonesi yao. Chini, Hatulii alipewa nusu moja ya mkate mdogo wa mviringo wa unga usiokobolewa, na juu jani pana la kabichi. Alijaziwa nyanya na matango. Palipokuwa pa chipsi paliwekwa vipande vya karoti, na palipokuwa pa soda, maji.

"Kasuku yeye ale mkate wote," Bi Lishe alisema. "Anakua, asipunguziwe. Na wewe, shemeji, hii si dawa. Zahanati uendelee kwenda, na milo mingine uiangalie vilevile."

Hatulii aliuma. Nyama ilikuwa laini, na maji yake yalikuwa ndani. Alifumba macho. Mke wake aliporudi aliwakuta mezani wote, akavuta kiti bila kuuliza.

Miezi ilipita. Hatulii hakukonda akawa sindano, lakini mkanda wake ulihamia tundu la ndani, kisha la ndani zaidi. Ndoo ya mchanga aliifikisha juu bila kusimama njiani. Zahanati, daktari alisoma kipimo cha sukari akasema, "Imeshuka. Endelea hivyohivyo."

Jumamosi iliyofuata, kama kila Jumamosi, nyama ilikuwa kikaangoni. Hatulii alinyanyuka na mwiko.

"Bado, baba. Kaa kwanza," Kasuku alisema, akinawa mikono. "Hujasikia ya yule mwalimu wa hesabu. Jana kapiga chafya mbele ya mkuu wa shule..."

Hatulii alikaa. Mguu wake ulicheza kidogo, kisha ukasahau.