Waya wa Chumba Kilichozibwa

Habari hii niliisikia kwa mjomba wangu, kisha kwa shangazi, kila mmoja kwa wakati wake. Hawakupishana ila kwenye jambo moja, nami nitalitaja likifika.

Mjomba alikuwa fundi umeme wa kukagua nyumba za zamani. Watu walimwita Taratibu, maana hakukimbilia kazi wala chakula. Shangazi alikuwa ameachiwa nyumba ya baba yake, iliyokaa tupu miaka mingi, akataka kuhamia pamoja na bintiye mwenye mtoto mchanga, kwa sababu vyumba walivyopanga vilivuja. Akamwomba mjomba aikague kwanza, mtoto asije akaungulia humo.

Walifika mchana, jua kali. Mjomba alizima swichi kuu, akachomoa fyuzi zote na kuzitia mfukoni mwa shati. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake, asije akatokea mtu wa kuwasha yeye akiwa ameshika waya. Shangazi akamtania kwamba hata benki hazifungwi hivyo. Mjomba akajibu kwamba mafundi wenye haraka anawajua wote, na anajua walikozikwa.

Alikagua sebule, jiko na vyumba. Soketi zilikuwa zimelegea, na nyaya zilikuwa za zamani, maganda yake ya mpira yakipukutika mkononi. Akapanda darini. Huko aligusisha testa, ile bisibisi yenye kitaa cha kupimia umeme, kwenye waya mmoja, kwa mazoea tu.

Testa ikawaka.

Akashuka kutazama swichi kuu. Imezimwa. Fyuzi zote zimo mfukoni. Akapanda tena, na testa ikawaka tena. Waya ulikuwa wa moto, na mbao uliyoilalia imeanza kuwa nyeusi. Akaufuata kwa macho mpaka ulipoteremka nyuma ya ukuta wa mwisho wa korido. Ukuta ule haukuwa na mlango.

"Shemeji, huku kuna chumba?"

Shangazi alisema ni stoo ya zamani, ilizibwa. Hakuongeza neno. Yaliyobaki alikuja kunieleza mimi nikiwa mtu mzima: kwamba humo alifungiwa dada yake mkubwa, aliyekuwa mgonjwa wa akili, na kwamba dada huyo hakuogopa kitu ila giza. Taa yake haikuzimwa usiku wala mchana. Alipokufa, babu aliwaapisha watoto wake kwamba hakuna atakayeizima, kisha akaujengea mlango matofali, taa ikiwa bado inawaka. Shangazi aliona aibu kumweleza mtu wa ukweni mambo hayo.

Mjomba akasema waya ule utaiteketeza nyumba na mtoto akiwa ndani. Akavaa glavu za mpira, akaukata.

Aliposhuka, walisimama wote wawili wakiutazama ukuta. Nyumba ilikuwa kimya. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, ya chini, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Nani kazima?"

Hapa ndipo wanapopishana. Mjomba alisema sauti ilitoka ndani ya ukuta. Shangazi alisema ilitoka nyuma yao.

Kisha wakasikia viganja. Vinapapasa. Polepole. Kwa ndani, vinazunguka chumba. Vinatafuta. Vikafika palipokuwa na mlango. Vikatulia.

"Tutoke," mjomba akanong'ona.

Wakatoka bila kufunga. Ngazi ilibaki humo, na mjomba hakuirudia.

Shangazi hakuhamia. Aliendelea kukinga ndoo chini ya paa linalovuja, akasema afadhali hivyo.

Asubuhi moja bintiye alimwita kutoka chumbani kwake, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika.

"Mama. Njoo uone."

Alikuwa amevuta kitanda ili afagie. Ukutani, kuanzia mlangoni, palikuwa na alama za viganja vyembamba vya mtu mzima, za vumbi jekundu la matofali. Zilifuatana moja baada ya nyingine, zikapita nyuma ya kitanda, juu kidogo ya pale mtoto alipolaza kichwa, zikaenda hadi kwenye swichi. Hapo zikakoma.

Taa ilikuwa inawaka. Binti aliapa kwamba aliizima kabla ya kulala. Mtoto alikuwa chali, macho wazi, ametulia kama anayebembelezwa.

Shangazi alinyoosha mkono aizime.

Akaurudisha.