Samaki Wawili Kwenye Skrini

Kila Jumatano baada ya masomo, wasichana wa chama cha sayansi katika shule moja ya jiji la Daejeon waliijaribu skrini yao. Ilikuwa kishikwambi kilichobandikwa plastiki yenye mifereji, ili samaki aonekane akielea nje ya kioo bila mtazamaji kuvaa miwani. Mkubwa wao, Gyu-ri, ndiye aliyetoa maksi kwanza. Wadogo walifuata tu, maana nani ampinge dada?

"Tano juu ya tano," alisema Gyu-ri. "Au kuna mwenye macho mabovu hapa?"

Da-on, aliyepasuliwa jicho utotoni, aliona samaki wawili na kichwa kikamgonga.

"Tano, dada," akajibu. Mwoga yule!

Siku hiyo Gyu-ri alikuja na mdogo wake wa darasa la kwanza, Ro-a, kwani watoto wa rika lake ndio wangeoneshwa skrini kwenye maonyesho ya shule. Ro-a alitazama kidogo tu.

"Dada, nasikia kizunguzungu."

"Tazama! Wenzako wote wanaona vizuri. Wewe kichwa chako boga?"

Wasichana wakaangua kicheko. Da-on naye akacheka, tena kwa nguvu, asije akajulikana. Gyu-ri akamshika mtoto kisogo, akamkandamizia uso kwenye skrini mpaka akatapika.

"Mchafu wee! Futa mwenyewe!"

Mtoto akafuta kwa mkono wa sweta lake, huku analia. Hakuna aliyemsaidia.

Mwalimu Pyo, mlezi wa chama, alikuwa mlangoni. Hakufoka; aliingia, akaitazama skrini.

"Fumbeni macho. Aliyeona samaki wawili anyooshe mkono." Da-on akanyoosha. "Msishushe. Fumbueni."

Mikono yote ilikuwa juu, hata wa Gyu-ri.

Mwalimu akaibandua plastiki iliyokaa upogo, akaibandika sawasawa. Samaki akawa mmoja, akaelea.

"Ro-a, leo anaanza mdogo. Unaonaje?"

Ro-a akajiziba macho kwa viganja. "Naona vizuri! Naona vizuri!" akapiga kelele.



"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Mwalimu Pyo. "Mlificha ugonjwa wa skrini, nami nimeutibu sasa hivi. Lakini huyu alikuja hapa msema kweli, nanyi mkamfundisha uongo. Haya, niambieni, yeye nitamtibu kwa dawa gani?"